Kitunguu cha Kambini

Harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa mawese hunifanya nifunge dirisha kabla sijafikiri. Hapa ugenini mjini, Joubert Park, ghorofa ya sita, majirani hukaanga milango wazi, nami bado nawatazama kwa jicho la pembeni. Nilikuwa na miaka minane, kwetu Burundi, askari walipotutoa majumbani na kutukusanya kilimani. Eti kwa usalama wetu! Tulilala tisa katika kibanda cha majani, tukapanga foleni ya maji ya matope, tukagawiwa maharage kwa kikombe. Kutoka kambini bila ruhusa kulikuwa kujitafutia kifo.

Mama alitoka. Alfajiri alijipenyeza hadi shambani kwetu, akarudi na viazi vitamu mgongoni ndani ya kitenge, kana kwamba amebeba mtoto. Tulivichemsha tu, visinuke. Lakini nilipougua nilikataa kula, nikamlilia kitunguu. Akakileta, akakikaanga. Mara Mama Yonasi wa kibanda cha pili akaingia na kigae chake kuomba moto. Akavuta pumzi, akachungulia chungu. "Eh, wenzetu mnakula!" Akachukua kaa lake, akaenda.

Baada ya siku mbili Mama alikamatwa njiani. Walimpiga kwa vitako vya bunduki, mkono wa kulia ukavunjika na haukunyooka tena. "Nani mwingine aliyenichongea kama si yule wa kigae?" Mama alisema. Tangu hapo hatukumpa Mama Yonasi moto, na majirani wakatuiga. Nilimwona mwanawe akitafuna maharage yasiyoiva, nikafurahi. Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote.

Juma lililopita, ndani ya lifti, binti yangu alimtambia mtoto wa jirani kwa Kizulu chake kwamba jana tulikula samaki. Nikamfinya. "Eish, Mama! Nimefanya nini?" Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ya utotoni, kwenye foleni ya maji kambini, asubuhi baada ya kile kitunguu, nikimtambia mwenzangu kwa sauti: "Mama ataniletea kingine kutoka shambani!" Askari alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwetu.

Jioni ile jirani aligonga kuomba kiberiti. Nilimpa, mlango nikauacha wazi. Mama alifariki miaka mingi iliyopita, akimlaani Mama Yonasi hadi mwisho. Nilikuwa nimeushika ule mkono wake, nikiitikia amina.