Skuta Iliyokubaliana na Buibui

Nilikuwa mkunga wa zahanati mjini Bagamoyo, na gari langu lilikuwa miguu yangu. Mtu akija kuniita kutoka kijiji cha Kaole, nafunga mkoba, natupia buibui, naanza kuukanyaga mchanga. Siku moja nilifika nikakuta mtoto kishazaliwa na mama yake kishapoteza damu nyingi. Alipona, lakini nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Baiskeli ya kaka yangu ilikuwapo uani, ila lile bomba lake la katikati na buibui havipatani hata kidogo.

Ndipo nikaona skuta Dar es Salaam. Ilikuwa na sakafu mbele, pa kuweka miguu yote miwili pamoja. Nilisimama njiani nikaikodolea macho mpaka mwenyewe akaona haya.

Fedha nilikuwa nazo. Nilichokosa ni radhi ya baba. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kukaa kwake, na kwetu mtoto hanunui kitu cha kusemwa mji mzima bila baba yake kuridhia. Alinisikiliza vizuri, akanijibu taratibu kwamba mwanamke hapanui miguu juu ya mashine mbele za watu, na kwake yeye maneno yakaishia hapo. Mimi nilishinda nimefura, nikigonga masufuria hadi jirani akauliza kulikoni.

Kesho yake nilikuwa uani juu ya mbuzi, nakuna nazi ya mchuzi, kanga nimeibana vizuri, mguu huku na mguu huku. Baba akapita na birika lake, anakwenda kutawadha. Nikamwita.

"Baba, hebu nitazame. Nimekaa vibaya?"

Akasema hapana, nimekaa kama wanavyokaa wanawake wote.

"Basi ndivyo ninavyokaa mbele yako, mbele ya wajomba, mbele ya wageni, tangu utoto wangu. Na kwenye skuta miguu inakuwa pamoja. Ubaya uko wapi, baba?"

Alikwenda zake kuswali. Tulipokwisha kula akasema atakwenda Dar kuuangalia huo mkao kwa macho yake, na asipouridhia nisimtajie tena skuta maisha yangu.

Kwenye duka la Mhindi mmoja tulizikuta mbili. Moja nyekundu inang'aa, nyingine ya kijivu, imepauka kama jiko la juzi. Roho yangu ilikwenda kwenye nyekundu. Baba alinikalisha juu ya kila moja na buibui langu mwilini, akawa ananizunguka mbele na nyuma kama mtu anayenunua punda. Kwenye nyekundu pindo liliteleza likaelekea gurudumu la nyuma. Akalivuta kwa mkono wake, akatikisa kichwa. Ile ya kijivu gurudumu lake lilikuwa limefunikwa na sakafu yake ilikuwa pana, buibui likatulia. Nilinuna kwa ajili ya ule wekundu, lakini alisema kweli. Jamani, alisema kweli.

Mwenye duka akamgeukia baba, akaanza kumweleza habari za mafuta na plagi. Baba akamkatiza.

"Mimi nimekuja kuangalia mkao tu. Mwenye chombo ni huyu, zungumza naye."

Nilitamani kucheza ngoma palepale dukani.

Skuta ililetwa kwa lori. Nikajifunzia shambani kwa kaka, katikati ya mikorosho, nikaanguka, nikachubuka goti, nikapanda tena. Kisha asubuhi moja nikaitwa Kaole.

Njia yangu ilipita mbele ya baraza ambapo baba hukaa na wenzake. Mkokoteni wa punda ulikuwa umeziba barabara, ikanibidi nisimame. Mzee mmoja akasema kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba dunia imekwisha, binti wa watu anapanda mashine mchana kweupe. Nikamtazama baba, aliyekuwa ameketi nao. Maneno ya barazani yamewageuza wanaume wengi, na kama baba angetengua radhi yake mbele za watu, skuta ingerudi dukani.

Baba aliinuka, akavaa viatu, akaja mpaka barabarani, akamshika punda hatamu akamvuta pembeni.

"Huyu ni binti yangu," akawaambia. "Anakwenda kuzalisha, na skuta nimemchagulia mimi. Mpisheni."

Nilitia gea nikapita kichwa juu, nikicheka peke yangu njia nzima. Mtoto wa Kaole alipozaliwa alinikuta nimeshanawa mikono, namngoja.