Shati Lisilofuliwa

Kijiji kizima cha Itebero kilijua kwamba nyumbani kwa Léontine hakulazwi nguo chafu. Habari ya shati moja lisilofuliwa humo hakuna aliyeijua.

Kabla ya vita vya mwaka wa sitini na nne, sabuni ilikuja kwa lori kutoka Bukavu, miche mirefu ambayo mwenye duka aliikata vipande vipande kwa uzi. Vita vilipofunga njia, mwenye duka alikimbia na watu wakaanza kufua kwa maji matupu. Nguo zikawa ngumu kama magome, watoto wakatokwa na vidonda. Hapo Léontine akakumbuka kazi ya marehemu mama yake. Alikausha maganda ya ndizi, akayachoma, akaweka majivu ndani ya kapu lililotandikwa majani, akamimina maji juu yake taratibu. Yaliyochuruzika chini yalikuwa na rangi ya kahawa na makali ya kuchuna ngozi. Alichovya unyoya wa kuku. Unyoya ulipolegea na kukatika, alijua maji yamekolea. Chungu chake cha chuma alikiweka mbali na mahali watoto walipochezea, akachemsha humo maji yale pamoja na mafuta ya mawese, akikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa kuwa chumvi haikupatikana, sabuni haikuganda. Ilibaki laini, nyeusi, na aliwagawia watu imefungwa kwenye majani mapana ya porini.

Chumvi hiyo ndiyo iliyomwondoa mume wake. Athanase alikuwa mtu wa milimani, mzaliwa wa Nyabiondo, seremala aliyeshuka msituni kutafuta mbao, akampata Léontine, akabaki. Joto la Itebero hakulizoea kamwe, lakini ajabu yake alipenda kuoga maji ya moto, kama vile bado yuko kwenye baridi ya kwao. Siku alipoondoka kwa miguu kwenda soko la Hombo kuitafuta, vita vilisikika bado viko mbali.

“Nitarudi na chumvi,” alisema mlangoni. “Uniwekee maji ya moto.”

Hakurudi. Wengine walisema alivuka kuelekea Bukavu, wengine wakasema njia ile ilimeza watu wengi. Léontine aliwasikiliza wote, na kila jioni akaendelea kubandika maji ya mtu mmoja zaidi. Shati la kazi ambalo Athanase aliliacha juu ya kitanda alilikunja na kulitia ndani ya kikapu uvunguni. Alipolemewa alilitoa na kulinusa kwenye kola: jasho, vumbi la mbao, tumbaku kidogo. Kisha alilirudisha upesi, kana kwamba hewa ingelimaliza.

Mwaka uliofuata walikuja watu waliokimbia vita, na pamoja nao ukaja upele. Edmond, muuguzi wa dispensari, alichanganya unga wa kiberiti, yaani salfa, na mafuta ya mawese, akawakusanya akina mama uwanjani.

“Hii upele haichague muntu,” aliwaambia. “Nyumba yote inaoga siku moja, inajipakaa dawa siku moja, na nguo yote inachemushwa siku ile ile. Mukiacha kitambaa kimoja, tunaanza tena. Mama Léontine atawapatia sabuni.”

Wiki ile moshi haukukatika nyuma ya nyumba yake. Alienda mlango kwa mlango, akiangalia kama blanketi zimeingia majini na mikeka imeanikwa juani. Bibi mmoja aliyeficha kitenge chake cha harusi, Léontine alimkaripia kwa upole mpaka akakitoa. Aliporudi kwake alichemsha kila kitu, isipokuwa kile kilichokuwa kikapuni. Alijiambia kwamba shati halivaliwi na mtu, basi haliwezi kumdhuru mtu.

Upele ukaisha kijijini. Lakini Agathe, binti ya Léontine mwenye miaka tisa, akaanza kujikuna tena katikati ya vidole. Léontine alimwosha, akampaka dawa, akachemsha nguo upya; baada ya siku chache mtoto alijikuna vilevile. Akina mama kisimani walianza kuchota mbali naye.

Alasiri moja Léontine alirudi mapema kutoka shambani, akamkuta Agathe amelala sakafuni chumbani, amejifunika shati la baba yake mpaka usoni. Mtoto alishtuka, akaketi.

“Tangu lini?” mama aliuliza.

“Tangu siku mingi. Hata siku ile ya upele, wakati nilikuwa najikuna sana.” Agathe alilishika shati kwa mikono miwili. “Mama, iko na harufu ya papa. Nilifikiri ni wewe peke yako unaijua.”

Léontine aliketi chini karibu naye. Alikuwa amedhani mwenye kumkosa Athanase ni yeye tu.

“Tutaichemusha,” alisema.

“Harufu itaenda.”

“Itaenda.”

“Na kama papa hatarudi?”

Léontine alisimama akamwinua. Alimpa mtoto shati alinuse mara ya mwisho, akalinusa na yeye, wakatoka nalo pamoja. Maji yalipochemka alilitumbukiza mwenyewe, akalisukuma kwa mti kila lilipotaka kuelea. Maji yakawa ya kijivu. Lilipokauka juani alilileta puani: majivu, mawese, jua. Harufu ya mtu haikuwamo. Alikwenda nyuma ya jiko akalia, na Agathe akamfuata akakaa akiegemea mgongo wake. Mikono ya mtoto ikapona. Shati lilikatwa, likawa blauzi yake ya shule.

Njia ilipofunguliwa tena, Léontine alibeba sabuni mpaka soko la Hombo. Aliuliza habari za Athanase kwa wenye maduka, kwa madereva, kwa masista waliokuwa wakipita. Hapakuwa na aliyemjua. Alizoea kwenda hata hivyo, akitandika majani yake kando ya barabara, akitazama kila mwanamume aliyeshuka kwenye lori.

Siku moja alisimama mbele yake mtu mzima mwenye mzigo wa maharage, akauliza sabuni inatumikaje. Léontine aliinua kichwa. Maneno yalikuwa ya kila mtu, lakini lafudhi yake ilikuwa ya Nyabiondo, ile ya kuburuta mwisho wa sentensi kama Athanase.

“Papa, kule milimani mvua ilinyesha?” alimwuliza.

“Ilinyesha, mama.”

“Na maharage?”

Mtu yule alimtazama. “Unatafuta muntu wa kwetu?”

“Ndiyo,” alisema Léontine. “Lakini wewe endelea kusema tu.”

Mgeni akatua mzigo wake, akakaa, akaanza kumweleza habari za maharage, na za baridi ya asubuhi, na za ukungu unaochelewa kuondoka mabondeni.