Siafu wa Shamba la Bibi

Mwezi wa tatu nilipanda kwetu Mkumbi kumsaidia kaka yangu kulima. Nilikuwa nakatiza katikati ya shamba alilotuachia bibi, wifi yangu akanivuta mkono.

"Wifi, hapo usipite! Pana siafu."

Mbele yetu palikuwa na kipande cha nyasi chenye ukubwa wa chumba, na mti mmoja wa matunda ya porini, msuku, umesimama katikati. Pande zote pamelimwa, pale tu hapajaguswa. Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Siafu wale, ndugu yangu, niliwatunga mimi.

Nilikuwa darasa la tatu, naishi na bibi. Sijui kama umewahi kulima mlimani. Shamba letu limeinama kiasi kwamba boga likichomoka mkononi unalifuata bondeni. Ndiyo maana tunalima ngolo. Nyasi zinafyekwa, zikinyauka zinapangwa chini kwa mistari inayokatana, kisha wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa ule udongo. Unabaki na mashimo, na kuzunguka kila shimo kuna tuta la kupandia maharage. Mvua ikinyesha kila shimo linakunywa maji yake, hayateremki kwa mwenzako.

Kazi yangu ilikuwa kupanga nyasi. Niliipenda, kwa harufu ya majani yaliyopigwa jua, kwa uyoga niliouokota njiani ambao bibi aliupika kwa karanga, hata kwa tumbili waliotupigia kelele kutoka kwenye mikuyu ya chemchemi kama vile sisi ndio wezi wa mahindi. Asubuhi moja kwale akafurumuka miguuni pangu. Chini ya msuku mchanga, mayai sita, rangi ya chai ya maziwa.

Bibi aliwapenda sana kwale, ila aliwapendea chunguni. Na jembe lake lilikuwa linakuja, mraba kwa mraba. Nikapiga kelele, "Bibi, hapa pana siafu!"

Bibi yangu hakuogopa nyoka wala mwenyekiti wa kijiji, lakini siafu waliwahi kummalizia kuku wote bandani. Akakiruka kile kipande bila kuuliza. Nilijiona mjanja kweli, mpaka mvua iliponyesha mchana kutwa.

Matuta yaliyokomea kwenye kile kipande hayakuwa na pa kushikana. Yakabomoka, na maji yakaporomoka hadi kwenye maharage ya mama jirani, chakula chake cha mwaka mzima. Alikuja na miche mkononi, mizizi juu.

"Shikamoo mama," nikasema. Aliitikia bila kunitazama.

"Dada," akamwambia bibi, "miaka yote tunalima jirani, maji yako hayajawahi kuja kwangu. Leo yamekuja na udongo wako."

Sijasahau uso wa bibi. Mwanamke aliyesifiwa ngolo zake hadi kilima cha pili alitazama chini kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Niliumia kuliko kama ningepigwa. Akachukua majivu jikoni, akasema anakwenda kuwafukuza hao siafu, apachimbe. Mimi na mama jirani tulimfuata. Alipotupa kiganja cha kwanza, kwale akaruka.

Bibi akainama, akatenga nyasi, akayaona mayai.

"Siafu wako wana manyoya," akasema.

Nililia, nikasema niliogopa angewala. "Ningewala," akajibu, hakunificha. Akagusa yai moja kwa kidole. "Lakini haya yana watoto tayari. Lete jembe."

Tulichimba tuta kukizunguka kile kipande chote, likashikana na mengine, nyasi zikabaki ndani. Kisha siku tatu nilitengeneza ngolo za mama jirani na kupanda upya, viganja vimetoka malengelenge. Siku ya tatu mama jirani mwenyewe aliniletea hindi la kuchoma. Baadaye mtu akipita na kuuliza kwa nini pale hapalimwi, wale wawili walijibu kwa pamoja, "Pana siafu," halafu wanacheka mpaka wanashika viuno.

Sasa wote wawili wamelala makaburini. Mikuyu ya chemchemi imekatwa, tumbili sijawasikia, na misuku ya kilimani imekuwa mkaa. Siku za mwanzo za safari hii nilitembea huku na huku nikiwa na huzuni, nikidhani hakuna tena nilichokijua.

"Umewahi kuwaona hao siafu?" nikamuuliza wifi.

"Sijawaona na sitaki. Mimi nimetoka Lundo, ziwani, hizi ngolo nimefundishwa na bibi yenu. Siku ya kwanza tu akaniambia, zungushia tuta hapo, lakini ndani jembe lisiingie. Hata wanangu nimewaambia hivyo hivyo."

Kwale akalia ndani ya nyasi, sauti yake ile kavu, mwingine akamjibu. Wifi akatikisa kichwa.

"Ila hao kwale sijui wana ngozi ya namna gani. Kila mwaka wanatotoa humo humo, na siafu hawawagusi."

"Ndivyo walivyo siafu wa bibi," nikamwambia, nikapita pembeni.