Mwaka wa Kemilembe Nilioupoteza Mimi

Mwanangu, wewe kijana unayejiandaa kwenda chuo, kuna asubuhi moja niliamka nikiamini kwamba hapa duniani hakuna kilichobaki cha kunishangaza. Naikumbuka vizuri, hata koti nililovaa nalikumbuka. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la nne kule Kamuli. Nikabeba kahawa za watu kichwani, nikazibeba kwa baiskeli, mwisho nikanunua gari la mtumba la kubebea kahawa zangu mwenyewe. Nilikuwa na duka Omurushaka, la bati jipya, barabarani kabisa, mabasi ya Bukoba yanasimama mbele yake. Nilishalala migombani mizinga ya vita ikilia upande wa mpaka. Nilishaibiwa kwenye mizani mpaka nikawa namjua mwizi kwa jinsi anavyoshika kamba ya gunia. Nani tena angeniweza?

Unisamehe, bado najisifu. Ni tabia yangu ya zamani na haijaisha.

Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka binti yangu wa kwanza, Kemilembe, kuangalia vyuo viwili vya uuguzi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kufika hapo. Tangu mdogo alitaka uuguzi. Mbuzi akivunjika mguu, yeye ndiye wa kuufunga vijiti. Vyuo vyote viwili vilikuwa tayari kumpokea, kazi ikabaki kuchagua. Na mchaguzi, kwa akili yangu ya wakati ule, alikuwa ni mimi.

Chuo cha kwanza kilikuwa cha misheni, ndani ya hospitali yao, miaka minne. Tulifika mapema. Niliketi kwenye benchi la mbao pamoja na wagonjwa, mimi na koti langu, saa mbili nzima. Mkuu wa chuo, sista mmoja mwembamba mwenye miwani, alipotuita hakuniuliza habari za nyumbani wala habari za safari. Alimtazama Kemilembe.

"Kwa nini unataka kuwa muuguzi?"

"Sista," nikamjibu mimi, "huyu mtoto ana huruma sana, tangu alipo—"

"Mzee, nimemwuliza binti."

Mwanangu, hilo neno lilinichoma. Kemilembe alijibu kwa kirefu, hata sikusikiliza alichosema. Nilikuwa nahesabu jinsi nilivyodharauliwa. Sikupewa maji. Sikupewa hata punje moja ya kahawa ya kutafuna, na wewe unajua kwetu mgeni akiingia nyumbani anapewa kahawa mkononi kabla hajaulizwa shida yake. Niliondoka pale nimenuna kama mtu aliyenyimwa kiti msibani.

Kesho yake tukaenda cha pili, mjini. Siku hizo watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua vitu vyao, na chuo hiki kilikuwa kipya, katika nyumba ya kupanga yenye rangi ya kijani. Kozi yao ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Mkurugenzi alitufuata mpaka getini, akatupokea kwa lugha ya nyumbani.

"Karibu, waitu! Karibu sana, mzee wetu!"

Akanikalisha kwenye kiti cha mto. Akauliza ng'ombe, akauliza migomba, akauliza mvua za Rugera ambako mke wangu ametoka. Halafu akafungua kikapu kidogo cha ukindu, akanimiminia kahawa kiganjani. Nikatafuna. Na mimi, mtu niliyelelewa kwamba ukishatafuna kahawa ya mtu mkononi mwake umekuwa ndugu yake, huwezi kunyanyuka ukamgeuka, nikaona mambo yamekwisha. Hapo hapo nikatoa ada ya muhula wa kwanza.

Kemilembe alikuwa ameketi pembeni, anaangalia huku na huku.

"Samahani, Mkurugenzi," akasema, "wodi ya kujifunzia iko wapi?"

"Inakuja, binti yangu. Inakuja."

Nilimkata jicho, asiulize tena. Lakini tulipokuwa ndani ya gari, akaniita Tata, yaani baba, kama anavyoniita nyumbani.

"Tata, pale hakuna mgonjwa hata mmoja. Tutajifunza kwa nani?"

"Wagonjwa utawakuta ukishahitimu. Wamejaa tele."

"Na mtihani wao unatungwa na nani?"

"Wewe!" nikamwambia. "Yule bwana amenipa kahawa kwa mkono wake. Yule sista wako amenipa nini? Benchi! Miaka minne, Kemilembe! Miaka minne si nitakuwa nimezeeka?"

Aligeuza uso dirishani mpaka tunafika. Ile barua ya misheni ya kumkubali aliiweka chini ya godoro lake, na nafasi yake ikachukuliwa na msichana mwingine.

Mwaka ulipita haraka. Aliporudi na cheti chenye mhuri mwekundu na utepe, nilichinja mbuzi. Cheti nikakitundika dukani, juu ya mizani, kila anayekuja kuuza kahawa akione kwanza. Watu wakaanza kuniita Baba Nesi, na mimi nikaitika.

Wiki ya tatu Kemilembe alikishusha, akakifunga kwenye gazeti, akaenda kuomba kazi hospitali ya wilaya. Jioni alirudi kwa miguu. Alipoingia dukani alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akanivuta nyuma ya pazia, akanieleza kwa sauti ya chini. Afisa wa pale alikigeuza kile cheti mbele na nyuma, akamwambia chuo hicho hakimo kabisa katika daftari la serikali. "Binti, karatasi hii inathibitisha kwamba baba yako alilipa. Zaidi ya hapo haithibitishi kitu." Akamshauri aanze upya, mahali penye hospitali. Baadaye nilikwenda kumtafuta yule mkurugenzi. Katika ile nyumba ya kijani nilikuta mtu anauza magodoro.

Basi, mwanangu, hapa ndipo ninapotaka kuinamisha kichwa. Kudanganywa si dhambi, hata mjanja hudanganywa. Dhambi yangu nilikuwa bado sijaitenda. Niliitenda jioni ile ile, nilipotoka nyuma ya pazia. Dukani walikuwepo watu kama saba hivi, wachuuzi wa ndizi na wauza kahawa, wamesikia minong'ono, wametega masikio.

"Vipi, Baba Nesi?" akauliza mmoja. "Kazi imepatikana?"

Maneno yalinitoka yenyewe. "Kazi gani? Mtoto amefeli. Nimelipa kila kitu, yeye akili zilikuwa kwingine. Si mnawajua wasichana wa siku hizi."

Wakacheka, wakanipa pole. Kemilembe alikuwa bado nyuma ya pazia. Pazia la kitenge, mwanangu, halizuii neno. Nilisubiri atoke anisute mbele yao, nami nilikuwa nimeshaandaa ukali wa kumjibu. Hakutoka. Alipita mlango wa uani, na kesho yake asubuhi akapanda gari kwenda Kamuli kwa mama yangu mzazi. Huko akawa analima kahawa pamoja na vibarua.

Nilijiambia kwamba maneno ya dukani hufa dukani. Lakini Omurushaka mabasi yanasimama, na kila abiria hushuka na chake. Maneno yalipofika Kamuli yalikuwa yameongezwa mkia, ati Kemilembe alifukuzwa chuo kwa sababu ya wanaume. Nilisikia. Wallahi nilisikia, na nikaendelea kupima kahawa. Kila nilipotaka kusema kweli, nilimwona yule mwuliza swali akicheka, nikaahirisha. Ikapita miezi, ikawa mwaka na ushee.

Siku moja mama yangu akaja dukani. Alikuwa mzee wa fimbo, hapandi gari bila sababu. Nikaruka kumshikia mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Toa watu humu ndani."

Nikawatoa. Akakaa juu ya gunia, akanieleza. Kemilembe alikuwa amemwandikia yule sista wa misheni, bila kuniambia. Sista alimkumbuka. Alikubali kumpa nafasi tena, wanafunzi wapya wangeingia baada ya wiki tatu, ila alitaka barua ya tabia njema kutoka kigangoni kwao, kama anavyoitaka kwa wote. Na katekista alikuwa amekataa kuiandika.

"Amesema hawezi kuandika uongo," akasema mama. "Amesema baba wa mtoto mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba mtoto hakuwa na akili ya masomo, alikuwa na mambo mengine. Kaijage, ulisema hivyo?"

Nikamwambia nilisema, lakini habari ya wanaume sikuisema mimi.

"Nguo uliichana wewe, wengine wamevuta tu. Ulisemea wapi?"

"Hapa hapa."

"Mbele ya nani?"

Nikawataja.

"Basi utawaita hao hao, hapa hapa, na rubisi utanunua wewe. Unajua desturi. Jina la mtu lililochafuliwa mbele ya watu haliendi kusafishwa gizani kwa katekista."

"Mama, nitamwandikia katekista barua, nitaweka na sadaka ya kigango. Mimi ni mtu mkubwa hapa. Watu wananikopa—"

"Mkubwa wa nini?" akaniuliza. Akanyanyuka, akaniacha nimeshika daftari la mizani. Pale mlangoni akageuka. "Ukimkosesha hii nafasi ya pili, usije kunizika."

Mwanangu, mama yangu hakuwa mtu wa maneno makali. Lile neno lilinitoa usingizi.

Jumamosi iliyofuata, siku ya gulio, niliwaita wote saba, na katekista kutoka Kamuli, na mama. Kemilembe alikuja naye, akasimama karibu na mlango wa uani akiwa na jembe alilotoka nalo shambani bado mkononi, kama mtu asiyejua kama atakaa. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliwekwa katikati. Kwetu haimiminwi mpaka mwenye kosa aseme. Nilisimama. Mimi ninayeweza kubishana na wanunuzi kumi kwa mpigo, nilianza kwa kufunga vifungo vya koti.

"Kemilembe hakufeli," nikasema. "Alifaulu kila alichofundishwa. Chuo ndicho kilikuwa cha uongo. Aliniambia tangu siku ya kwanza, nikamfokea. Alitaka kwa sista, nikamkatalia kwa sababu sista hakunipa kahawa. Halafu nikamsingizia hapa, mbele yenu, kwa sababu niliona haya. Habari ya wanaume haikuwepo kabisa."

Yule yule mwuliza swali akapiga paja. "Kwa hiyo Kaijage, mjanja wa magunia, ulinunuliwa kwa punje za kahawa? Na wewe ndiye unayenunua kahawa zetu!"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nilitamani ardhi inimeze na koti langu. Lakini mama alikuwa ananitazama, nikabaki nimesimama. Walipomaliza kucheka, katekista akasema, "Nimesikia. Barua nitaandika leo." Ndipo rubisi ikamiminwa, wakanywa wote waliosikia ule uongo, kila mtu akageuka akamtaja Kemilembe kwa jina na kumtakia heri.

Yeye aliweka jembe chini, akapiga goti, akanipokea kibuyu cha rubisi mikononi. "Ahsante, Tata," akasema. Halafu kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu: "Ila ungesema siku ile ile."

Alikwenda. Alisoma miaka minne, na katika mwaka wake wa kwanza aliyemwonyesha namna ya kutandika kitanda cha mgonjwa alikuwa yule msichana aliyechukua nafasi yake, alikuwa ameshamtangulia miaka miwili. Niliwaona siku nilipompelekea ndizi. Kemilembe alikuwa anaitika, "Ndiyo, dada," kwa mtu wa rika lake. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi. Leo ni muuguzi na mkunga, na akinamama wa huku wanamwulizia kwa jina. Nikisifiwa kwa ajili yake natazama chini.

Mwanangu, nisikilize sasa. Ukishika barua mbili za vyuo, usiangalie nani amekukaribisha vizuri. Tafuta wodi, uone wagonjwa kwa macho yako. Uliza mtihani unatungwa na nani, na waliomaliza mwaka jana wanafanya kazi wapi, kisha umtafute mmoja wao umwulize bila mkuu wake kuwepo. Anayekasirika ukiuliza, mwache na kahawa yake. Na wewe utakayekuwa mzazi, mtoto akiulizwa swali, mwache ajibu, maana miaka ile ni yake. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako.

Mungu akupe mwalimu mkali na mkweli. Akupe mikono isiyotetemeka mbele ya mgonjwa, na mzazi asiyeona haya kukuomba radhi. Na kama unaogopa gharama ya kusema kweli mbele ya watu, nikutajie nilichokuwa nakiogopa mwaka mzima na ushee: madebe mawili ya rubisi, pamoja na kuyabeba, shilingi elfu tatu mia nne na hamsini.