Neno Moja la Ziro

Ziro wa Nzai alikuwa na daftari la shule lililojaa neno moja tu la Kiingereza: get. Alilianza mwaka 1962, alipokuwa mwosha chupa za dawa katika zahanati ndogo upande wa Msambweni. Kila alipolisikia neno hilo, kwa mzungu, kwa karani au redioni, aliliandika pamoja na maneno yaliyofuatana nalo na maana yake: kupata, kufika, kuamka, kuoa, kupona, kuzeeka. Katika ukurasa wa tisa ameandika: kulowa, pale Kona ya Musa, siku ya mvua kubwa.

Mkalimani wa zahanati alipostaafu mwaka 1964, Ziro aliiomba kazi ile. Asingeipata, angerudi kukata miwa Ramisi, na mgongo wake ulikuwa hauwezi tena. Daktari, Mwingereza aliyekuwa mgeni pale, alikubali kumjaribu kwa siku moja, Jumatatu.

"Neno moja miaka miwili!" Biasha, mfagiaji, alimcheka asubuhi hiyo. "Ukifika la pili, sisi tumeshazikwa."

"Hili moja linafanya kazi ya maneno hamsini, dada. Wewe ngoja uone."

Wagonjwa wanne wa kwanza walikwenda vizuri. Alipoingia wa tano, Ziro aligeukia ukuta. Mgonjwa huyo alikuwa mama mzazi wa mkewe Kadzo, ametoka Bongwe kwa miguu, amejishika tumbo. Kwao, mume wa binti hakai chumba kimoja na mkwewe wala hamtazami usoni, sembuse kumuuliza habari za mwili wake. Mama naye alijifunika leso mpaka machoni.

Daktari alitaka mgonjwa apande kitandani, aseme maumivu yalianza lini, kisha afungue nguo. Get tatu kwa pumzi moja. Ziro alizielewa zote, na hapo ndipo ilipokuwa taabu yake.

"Huelewi?" daktari aliuliza.

"Ninaelewa, bwana. Siwezi kumwambia."

"Get out!"

Hiyo ilikuwa katika ukurasa wa kwanza. Ziro alitoka, lakini hakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya jengo, akasimama chini ya dirisha, mgongo wake ukielekea chumbani.

"Daktari," aliita kwa Kiingereza, "huyo ni mama wa mke wangu. Wewe uliza, mimi nitajibu kutoka huku. Biasha, njoo dirishani!"

Daktari alimtazama mama aliyejifunika, akatazama dirisha. Kisha akauliza. Ziro alimnong'oneza Biasha, Biasha akamwendea mama, mama akamjibu sikioni, na jibu likarudi dirishani kwa njia ile ile. Ziro alipolipaaza kwa daktari, lilikuwa Kiingereza. Mama alisikia mkwewe akilitaja tumbo lake, lakini kwa lugha asiyoijua, basi akaona halikutajwa. Kufika adhuhuri alikuwa ameshapimwa na kupewa dawa.

"Kesho uje," daktari alimwambia Ziro. "Na hilo dirisha lisifungwe."

Ziro aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja. Mama alipona baada ya wiki mbili, akamtuma Kadzo na kuku na salamu.

"Mwambie mumeo nimeshukuru sana. Na mwambie nikiugua tena, nitakwenda kutibiwa mbali, Kinango."