Mlango Usiofunguliwa Matangani

Ukifika stendi ya Uriri umwambie mtu wa boda boda akupeleke kwa Cephas Onyango, atakuuliza kwanza kama unaingia mpaka ndani au utashukia barabarani. Si kwamba anakudharau, na nauli ni ile ile. Ni kwamba wako waendeshaji ambao hawavuki ule ua wake wa minyaa hata uwalipe mara mbili.

Cephas ni mtu wa miaka hamsini na tisa, mfupi, fundi wa pampu za maji, na mkono wake wa kushoto una vidole vinne. Anafuga nyoka wa sumu. Hawauzi, hachezi nao sokoni, hatoi dawa kwao wala haagui mtu. Anawafuga kwa kuwa anawapenda, basi, kama mwingine anavyopenda njiwa. Kibali anacho, kina muhuri, na watu wa wanyamapori huja kumkagua. Ana vifutu wawili, wale wanene wavivu ambao Wajaluo huwaita fuu, na swila mmoja mweusi, rachier, yule wa kutema sumu machoni.

Kile kidole kilikwenda hivi. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa na kifutu mmoja tu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha matundu. Jumapili moja akapanda gari na ndoo yake mapajani mpaka Homa Bay, kumwonyesha kaka yake Boaz. Abiria aliyekaa naye aliuliza kama ni samaki. Akajibu ndiyo. Kule kwa Boaz akanywa vikombe viwili vya pombe, akafungua ndoo katikati ya sebule, watoto wa Boaz wamekaa sakafuni wanatazama.

"Huyu ananijua," Cephas akasema, akaingiza mkono.

Nyoka hamjui mtu. Cephas alilala hospitali majuma matatu, akatoka bila kidole cha kati. Boaz alimtunza muda wote huo, akimlisha uji. Siku ya kutoka akamwambia:

"Kidole ni chako, sina shida nacho. Lakini watoto wangu walikuwa wamekaa hatua mbili."

Cephas alingoja kaka yake amwambie aachane na nyoka. Badala yake, mwezi uliofuata Boaz, ambaye alikuwa mwashi, akashuka Uriri na karai lake na mwiko wake, akajenga kwa majuma manne. Akajenga chumba cha matofali ya kuchoma, kikapigwa lipu ndani na nje, kikatiwa dari, bila ufa hata wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Mlango wa nje ulikuwa wa mbao nzito. Ukiufungua unakuta kijichumba cha kusimama mtu mmoja, halafu mlango mwingine wenye kidirisha cha kioo, ili uone ndani kabla hujaingia.

"Mbona milango miwili?" Cephas aliuliza.

"Mmoja ni wako. Wa pili ni wa siku utakayokuwa mjinga." Boaz akapangusa mwiko. "Nyumba yako ikivuja utalowa wewe na Filister. Hii ikivuja, atakufa mtoto wa mtu."

Tangu hapo Cephas akawa mtu wa masharti. Hafungui sanduku la nyoka akiwa amekunywa, wala akiwa na hasira, wala akiwa peke yake. Mkewe Filister husimama nje na simu, na Austine wa boda boda huwa ameshaambiwa awe na petroli ya kutosha. Kabla ya yote hupiga simu hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ipo. Muuguzi ameshaizoea sauti yake. Akiambiwa haipo, nyoka hawalishwi siku hiyo, hata kama ni juma la tatu hawajala. Nyoka anaweza kungoja chakula. Aliyeumwa hawezi kungoja dawa.

Kosa lake lilikuwa moja, na analikiri mwenyewe. Majirani walipoanza kunong'ona kwamba yeye ni jajuok, mchawi, na kwamba mle ndani kuna majini, hakuwasahihisha. Aliona ni nafuu. Mtoto akiogopa uchawi hasogelei mlango. Kwa hiyo akaacha uongo umlindie nyumba, bila kufikiri kwamba mtu wa mbali haogopi uongo ambao hajausikia.

Mwaka huu, mwezi wa nne, Boaz akafariki kwa figo huko Homa Bay. Mtu wa Uriri huzikwa Uriri, na kaburi likapimwa hatua thelathini kutoka kile chumba alichokijenga mwenyewe.

Kwa Wajaluo, msiba ukiingia bomani milango yote hufunguliwa. Wageni hulala walipopangiwa, na wakwe, yaani watu wa kwao mjane, hupewa nyumba nzuri kuliko zote. Kufuli wakati wa matanga ni tusi. Na pale bomani nyumba nzuri kuliko zote, isiyovuja na yenye dari, ilikuwa ya nyoka.

Aliyeiona kwanza ni Nicholas, mwana wa baba yao mdogo, mwenye duka la saruji na mabati Migori, ambaye hakuwa amekanyaga Uriri kwa miaka mingi. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alhamisi mchana aliizunguka ile nyumba akiipigapiga ukuta kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Omera, ndugu yangu, hii nyumba iko na vyumba ngapi?"

"Haina vyumba. Iko na nyoka."

Watu wakacheka. Nicholas hakucheka. "Wakwe wanakuja basi mbili kutoka Homa Bay. Mvua ndiyo hii. Nitawalaza wapi, kwa zizi?"

"Walaze kwangu. Kitanda changu, godoro mpya, neti mpya. Mimi na Mama Lynnet tutalala jikoni."

"Na nyoka walale chini ya dari! Kumbe nyoka ndio wakwe zako?"

"Hao hawakuomba mahari."

"Wacha mchezo. Ni sanduku tatu tu, si ndiyo? Weka huko nyuma ya choo mpaka Jumapili."

"Watu mia tatu, matope, walevi, watoto wanakimbizana gizani, halafu mimi nibebe rachier nipite katikati yao? Hapana."

"Basi waue. Panga hazijaisha hapa."

"Hapana."

"Hapana, hapana! Wewe hujui neno lingine?"

"Najua mengi. Leo hili linanitosha."

Mama mmoja mzee aliyekuwa akichambua mboga akasema bila kuinua kichwa, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye tangu mwanzo alijua ile figo ya Boaz haikuwa figo. Cephas alijua maneno hayo ni mavuno yake mwenyewe. Hata hivyo hakutoa ufunguo. Ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi wa kiatu, akautia ndani ya shati.

Ijumaa alasiri maiti ikafika. Cephas akaenda barabarani kuipokea, kama inavyompasa ndugu, na Filister alikuwa kwenye masufuria. Nyuma huku Nicholas akamwita Ken, fundi wa kuchomelea kutoka Homa Bay, binamu wa mjane, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akirekebisha vyuma vya hema.

"Shemeji, mwenye nyumba amepoteza ufunguo. Hebu tusaidie hapo."

Ken hakuwa mtu wa Uriri, hakujua chochote. Akaleta mkasi wa chuma, akabana mara moja, kufuli ikaanguka. Akaingia kwenye kile kijichumba na kukuta mlango wa pili. Kando yake palikuwa na karatasi ya onyo iliyobandikwa, hakuisoma. Akawasha taa ya simu, akaweka uso kwenye kidirisha.

Sanduku la swila lina kioo mbele, nalo limeelekea mlangoni. Swila aliuona mwanga. Akainuka taratibu, akapanua shingo, akatema. Mate yakatapakaa kwenye kioo cha sanduku, usawa ule ule wa macho ya Ken.

Jeneza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia langoni, wanawake wanalia, Cephas ameshika upande wa mbele wa kulia. Akasikia ukelele wa namna nyingine. Hakuuliza. Akamwachia jirani ule mpini wa jeneza, akakimbia.

Alipishana na Ken akikimbia kinyume chake na ndara moja mguuni. Alipofika aliona mlango wa nje wazi, na wa pili umefungwa. Akasimama mbele ya kidirisha, akahesabu. Kifutu mmoja. Kifutu wa pili. Swila. Akahesabu tena. Halafu akaweka kiganja kwenye mbao za mlango wa pili, akakiacha hapo kitambo.

Alipotoka, Nicholas alikuwa amesimama nje na nusu ya kamati.

"Umeacha maiti ya ndugu yako langoni!"

"Ndiyo."

"Mbele ya wakwe!"

"Ndiyo. Mbele ya wakwe nimekwenda kuangalia kama nitawazika wao pia." Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka kwenye kizingiti, akakaa. "Kufuli mpya mtaikata kama hii. Basi nimekaa mimi. Mtanikata mimi."

Baadaye kidogo Ken akarudi kutafuta ndara yake, akitembea kama mtu aliyekosea msikiti.

"Jaduong', mzee wangu, ile kitu iliniangalia."

"Ilikutemea. Kama si kioo, saa hii ungekuwa unashikwa mkono kama kipofu."

"Niliambiwa umepoteza ufunguo."

Cephas akatoa uzi wa kiatu shingoni, ufunguo ukaning'inia kati yao. Ken akautazama, akageuka kumtafuta Nicholas kwa macho. Nicholas alikuwa ameona shughuli nyingine mahali.

"Sasa wewe nifanyie kazi moja," Cephas akasema. "Niletee kile kipaza sauti kisicho na waya."

Ikawa wakati wa chai, wageni wote wako chini ya hema, sauti ya Cephas ikatoka kwenye spika bila mtu kumwona.

"Watu wangu, poleni kwa safari. Mimi ni Cephas, mdogo wa marehemu. Niko huku nyuma. Hapa kuna fuu wawili na rachier mmoja. Hawa si uchawi, hawana jini, hawakumla Boaz. Ni nyoka tu, na ni wangu. Mmesikia mengine kwa sababu mimi nilinyamaza, na hilo ni kosa langu. Mkiona nyoka popote kwenye boma hii, rudini nyuma, muniite. Mtu akiumwa, asichanjwe na wembe, asifungwe kamba, asiwekewe lile jiwe jeusi la kunyonya sumu. Avuliwe pete, atulizwe, abebwe hospitali. Austine yuko langoni na pikipiki. Akitemewa machoni, maji safi, maji mengi, halafu hospitali. Na huu mlango haufunguliwi. Mwenye kunitukana aje anitukane hapa, kiti kiko."

Mtu mmoja upande wa Homa Bay akasema, "Huyu ametangaza vizuri kuliko pasta," watu wakacheka, chai ikaendelea. Lakini watoto wote wakaitwa na mama zao.

Jumamosi kukapambazuka na manyunyu. Cephas alikuwa bado kwenye kiti, blanketi mabegani. Filister akamletea uji.

"Baba Lynnet, wanakaribia kuanza. Nenda ukamzike ndugu yako, nitakaa mimi."

"Hapana."

"Hata mimi unaniambia hapana?"

"Nyoka ni wangu. Kukiharibika kitu, isisemwe nilikuwa nimekuachia wewe."

"Usipotupa udongo watasema mpaka tutakapokufa."

"Watasema," Cephas akakubali. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, vidole vyote tisa.

Kutoka kizingitini aliona hema, aliona mgongo wa katekista, aliona jeneza likishushwa kwa kamba. Akasikia jina lake likiitwa: ndugu wa marehemu aje kutupa udongo. Likaitwa mara ya pili. Nicholas akachukua kipaza sauti, akasema ndugu wa marehemu ana wageni wake maalumu, kwa hiyo tutaendelea. Baadhi wakaguna.

Hapo ndipo Emmaculate, mjane, aliponyanyuka. Alikwenda mahali vyombo vya Boaz vilipokuwa vimewekwa, akachukua lile karai la zege, limebonyea, lina saruji kavu ukingoni. Akachota udongo wa kaburini kwa mikono yake. Nicholas akamfuata.

"Shemeji, haifanywi hivyo."

"Wewe ndiye ulimwambia Ken akate kufuli?"

Nicholas akabaki palepale.

Emmaculate akatembea zile hatua thelathini ndani ya manyunyu, watu wote wakimtazama, akafika mbele ya kiti. Alikuwa mmoja wa waliokuwapo sebuleni siku ya ile ndoo, na wale watoto waliokaa sakafuni walikuwa wake.

"Mlango wa pili ulishika?" akauliza.

"Ulishika."

Akainua karai. Cephas akaingiza mkono wa kushoto, akachota, akashikilia ule udongo mpaka ukapenya kwenye ile nafasi ya kidole kilichokwenda. Kisha akaurudisha ndani ya karai. Emmaculate akageuka nalo, akarudi nalo kaburini, akaumwaga juu ya jeneza kabla ya udongo wa mtu mwingine yeyote.

Majembe yakaanza. Cephas akasimama kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akavua kofia. Mvua ikamlowesha kichwa. Alisimama hivyo mpaka kaburi likajaa, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango.