Apollonia Juu ya Pipa la Maji

Apollonia Rehbein alikuwa binti wa mchinja nguruwe wa kijiji chetu, kule milima ya Vogelsberg, Ujerumani, na mikono alikuwa nayo ya baba yake. Tangu usichana aliweza kumwangusha nguruwe kwa pigo moja la nyundo, kisha akaendelea na stori aliyokuwa akisimulia. Mumewe Balthasar alikuwa mfumaji, mtu mpole wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Tulikuwa tukiwacheka.

Viazi vilipooza tena mwaka 1847, familia kumi na moja tulifunga masanduku, tukapanda meli ya matanga pale Bremerhaven kwenda Baltimore. Mimi na mume wangu tulipewa kitanda cha juu. Chini yetu walilala Apollonia, Balthasar na mama yake Balthasar, bibi Sibilla.

Wiki nne upepo ulitupinga, nahodha akakata mgao wa maji nusu. Mgawaji alikuwa msaidizi wake, Tönnies, jitu la pwani aliyetembea na kipande cha kamba chenye fundo mwishoni. Kila asubuhi tulipanga foleni sitahani, na aliyezubaa alitandikwa mgongoni.

"Sogeeni, ng'ombe nyie! Huko Amerika nani atawakamua?"

Bibi Sibilla alishikwa na homa. Apollonia alipoomba mgao wa bibi, Tönnies akakataa: asiyeonekana hanywi. Basi bibi akapanda ngazi mwenyewe. Kwenye kidato cha juu akasimama kuvuta pumzi.

"Ajuza, unaziba njia," Tönnies akasema, na kamba ikampata usoni.

Alianguka chali hadi chini, nyonga ikavunjika. Alilia siku mbili mpaka sauti ikamkauka, akafa. Wakamshona ndani ya turubai, wakamtosa.

Mwili ulipozama tu, Balthasar alivua kiatu chake cha mbao, akamwendea Tönnies polepole, akampiga nacho kichwani. Mara moja tu. Mabaharia wanne wakamrukia. Walimkanyaga mpaka meno yakamtoka, wakamfunga kwenye kamba za mlingoti, ukingoni mwa meli, na Tönnies, damu ikimtiririka shingoni, akaanza kumchapa.

Apollonia alikwenda kwenye jiko la sitahani, akachukua shoka la kuchanjia kuni. Tönnies alikuwa ameshika ukingo wa meli kwa mkono wa kushoto asije akayumba. Shoka likashuka. Vidole vitatu vikabaki juu ya ubao.

Hapo meli nzima ililipuka. Wanaume wetu walipigana kwa sufuria, kwa viatu, kwa meno. Baharia mmoja alivunjwa taya, mume wangu akadungwa kisu pajani. Nahodha akatoka na bastola mbili, akafyatua moja bila onyo. Risasi ilimpata tumboni Hannes Wiegand, seremala, ambaye hakupigana na mtu. Alikuwa akimvuta mkewe Lisbeth pembeni.

Kila mtu akaganda. Lisbeth peke yake ndiye aliyekuwa akipiga mayowe. Nahodha akaigeuza bastola ya pili upande wa Apollonia, lakini Apollonia alikuwa amekwisha kufika kwenye pipa kubwa la maji, la mwisho, na shoka ameliinua juu yake.

"Piga," akasema. "Nikianguka, shoka linashuka nami. Tutakunywa chumvi sote, na wewe mheshimiwa ukiwemo."

"Wewe mwanamke una wazimu!"

"Ndiyo. Tangu asubuhi."

Nahodha akawatazama mabaharia wake. Midomo yao nayo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Akashusha bastola.

Balthasar alifunguliwa, na tangu siku hiyo maji tuliyagawa wenyewe. Apollonia alikaa juu ya pipa siku tisa, shoka mapajani, akisinzia hapo hapo. Siku ya sita mvua ilinyesha, ndiyo iliyotuokoa. Hannes hakuiona. Alikuwa amechukua siku tatu kufa.

Tulipofika Baltimore, nahodha aliita polisi. Hakimu alitafutiwa mkalimani, mwoka mikate mmoja, mtu wa kwetu.

"Ulimkata vidole?"

"Nilimkata. Nililenga shingo, meli ikayumba."

Mwoka mikate akakohoa, kisha akamwambia hakimu maneno marefu ajabu. Hakimu akamtazama Apollonia kwa huruma. Hata hivyo alimweka ndani siku kumi na moja. Aliyemtoa ni Lisbeth, aliyekwenda kushtaki kifo cha mumewe. Nahodha aliposikia, alifuta kesi yake upesi na kung'oa nanga kabla ya kukamatwa. Apollonia akapata uhuru, Lisbeth hakupata kitu.

Tulihamia Missouri, mashamba yetu yakapakana. Miaka minne Lisbeth hakumsalimia Apollonia. Kisha Jumapili moja alimsimamisha mlangoni pa kanisa.

"Ungemwacha yule shetani, Hannes wangu angekuwa hai."

"Najua."

"Na ungerudia?"

"Ningerudia. Ila kwanza ningemsukuma Hannes ashuke chini."

Lisbeth alimzaba kofi, damu ikatoka puani. Yule aliyeweza kuangusha nguruwe hakuinua mkono.

"Ongeza, dada, kama unataka."

Lisbeth akaongeza. Halafu akaketi kwenye ngazi za kanisa, akalia kama hakuwahi kulia kabla, na sisi tukapita kando yao kwenda kwenye magari yetu ya farasi.

Majira ya baridi yaliyofuata, msimu wa kuchinja nguruwe, Apollonia alikwenda kwa Lisbeth na visu vyake, bila kuitwa. Mmoja alichinja, mwenzake akakinga damu kwa beseni. Walifanya hivyo kila mwaka, wakisema "shika hapa" na "lete maji ya moto", basi, mpaka kichomi kilipomchukua Apollonia mwaka 1869.